Dakika Nne Barafuni

Mwenyekiti, kabla sijaanza naomba unishikie hii saa. Kaa nayo mpaka nimalize. Umenipa robo saa na nitajitahidi nisiipite, lakini sitaki iwe mkononi mwangu. Mkinisikiliza mtaelewa sababu.

Ndugu zangu wazazi, wengi wenu mnanijua. Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Makete, kusini mwa Tanzania, kule ambako mwezi wa saba unaamka unakuta majani ya viazi yameungua kwa baridi. Nilifika mji huu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Shule niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nimejisomea mwenyewe, hasa katika maktaba ya hapa Wembley, Jumamosi asubuhi, nikiwa na daftari. Kila ninachojifunza nakiandika, kwa tarehe na kwa namba. Tabia hiyo imenifaa katika mambo mengi. Iliniangusha mara moja, na anguko hilo ndilo nililokuja kulisema. Sitataja jina la mtu.

Miaka ya kwanza nilisafisha ofisi Edgware Road. Baadaye nikapata kazi katika uwanja wa barafu, magharibi mwa jiji. Nilianza kwa kufagia majukwaa, nikafundishwa kunoa viatu vya kuteleza, na mwisho nikapewa ile mashine kubwa inayopita juu ya barafu kuikwangua na kumwaga maji mapya. Fundi mkuu alikuwa mzee wa Kiskoti, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza aliniambia, "Maji kidogo, mara nyingi. Ukimwaga mengi kwa pupa, barafu inakuwa laini na inameguka." Nikaandika.

Mwanangu alikuwa na miaka sita. Mama yake alikuwa na zamu za Jumamosi katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo nilikwenda naye kazini. Nikampa viatu vya zamani vya kuazimisha, akaanguka, akainuka, na kufikia miaka minane alikuwa anacheza hoki ya barafuni, ule mpira wa magongo ambao badala ya mpira wanagombea kisahani cheusi. Nilimpigia mama yangu simu kijijini nikamweleza. Akauliza, "Kwani viwanja vya kawaida vimejaa?"

Mnacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini nilikuwa nimeshaazima maktaba kila kitabu kinachohusu mchezo huo.

Naomba niueleze kidogo, bila hivyo habari yangu haitaeleweka. Barafuni wanakuwa watano na mlinda goli. Wengine wanakaa benchi. Mchezo ni wa kasi mno, mtu hawezi kukaa ndani zaidi ya dakika moja hivi, kwa hiyo wanaingia na kutoka kwa zamu. Kocha ndiye anayesema nani aingie. Aliyemwamini anaingia mara nyingi. Wengine wanakaa na kutazama. Jumla ya muda ambao mchezaji amekuwa ndani ndiyo dakika zake za barafuni, na wazazi wa mchezo huu wanazizungumzia dakika hizo kama sisi tunavyozungumzia matokeo ya mtihani.

Kijana alipofikisha miaka kumi na sita, viwanja vichache vilianzisha ligi ya vijana vikaiga utaratibu wa Amerika. Timu zinakaa mezani na kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, timu dhaifu inaanza. Mwanangu alichaguliwa wa kwanza kabisa. Wenzake katika timu hiyo walikuwa wa miaka kumi na nane na kumi na tisa, wanaume wenye ndevu.

Jumapili ile mchungaji alitangaza. Mama mmoja wa Kikongo alisimama akapiga vigelegele: "Mutoto wetu amekuwa wa kwanza!" Nusu ya kanisa walidhani ni mtihani wa taifa. Hatukuwasahihisha. Tulipika pilau, mtu akaleta keki yenye umbo la kiatu cha kuteleza, na hata wale ambao hawajawahi kuona barafu nje ya friji wakaanza kuniita Baba Bingwa.

Mechi ya kwanza nilikaa jukwaani na saa ya kupimia riadha niliyoinunua kwa kazi hiyo tu. Mwanangu akiingia, nabonyeza. Akitoka, nabonyeza. Baada ya vipindi vitatu vya dakika ishirini ishirini, saa ilisema dakika nne na sekunde kumi.

Ndani ya gari nikamwambia, "Umecheza dakika nne na sekunde kumi."

"Najua, Dad," akajibu kwa Kiingereza. Watoto wetu mnawajua, wanasikia Kiswahili chote na kujibu kwa kile kingine.

Mechi ya pili, dakika tatu na nusu. Ya tatu, tano kasoro. Ya nne hakuingia kabisa kipindi cha tatu. Nilichora safu katika daftari: tarehe, kipindi, zamu, sekunde. Kila tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimsomea. Nilifikiri ninamtetea. Mama yake aliniambia, "Unampima kila siku kama mgonjwa wa homa. Umewahi kumwuliza anaumwa wapi?" Nikamjibu kwamba homa haitibiwi bila kipimo.

Sasa, ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo ni gumu kwangu kulisema. Katika daftari hilohilo, kurasa za mwanzo, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, kutoka katika vitabu vya maktaba, kwamba kijana anayechaguliwa juu mara nyingi huanza polepole. Nilikuwa nimeandika kwamba wengine husubiri msimu mmoja au miwili kwa sababu mwili haujakomaa, na kwamba wapo walioingizwa mapema wakavunjika moyo au mifupa. Nilipigia mstari. Lakini niliyasoma kama habari za watoto wa watu. Wangu alikuwa wa kwanza, na wa kwanza katika hesabu yangu alitakiwa kucheza wa kwanza.

Na ninyi hamkunisaidia. Nasema kwa upendo. Kila Jumapili: "Baba Bingwa, amefunga mangapi?" Nikasema mawili. Wiki nyingine nikasema moja, ili isionekane kama uongo. Kijana alikuwa amesimama pembeni yangu anasikia. Alinitazama, akaenda kukaa ndani ya gari.

Mwezi wa kumi na moja niliamua kuchukua hatua. Kwetu jambo likikwama hatuendi wenyewe kugombana. Tunatuma watu wazima. Mtu akitaka mke, akitaka msamaha, akitaka ardhi ya jirani, anatuma wasemaji wenye heshima na mkono hauendi mtupu. Nikawatafuta wazee wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa sekondari nyumbani, hapa analinda jengo la ofisi. Wa pili ni mchungaji wa Kikongo, siye yule wa kanisani kwetu. Nikapanga kikapu: kahawa ya Mbinga, korosho, na kitenge cha mke wa kocha. Kikapu chenyewe aliniazima mwalimu, mkewe alikisuka.

Kocha alikuwa kijana wa Kikanada, hajafika hata miaka arobaini. Tulikwenda nyumbani kwake Jumapili alasiri, tumevaa suti. Alifungua mwenyewe, amevaa kaptula na soksi. Akatutazama watatu na kikapu chetu, akasema kwa upole, "Asanteni sana, lakini mimi nina kanisa langu." Akaanza kufunga mlango.

Mimi nilikuwa nyuma, kama desturi inavyotaka. Mwenye shida hasemi. Mwalimu akaweka mkono mlangoni, akaanza, kwa Kiingereza chake kizuri cha zamani: "Bwana, sisi ni wapita njia. Tumeona katika shamba lako mche wetu mchanga. Umeupanda kivulini. Tumekuja kuuliza kama jua lingeweza kuufikia."

Kocha akageuka kutazama ua wake. Ulikuwa wa saruji mtupu, na pipa la taka. "Shamba gani?"

Mchungaji akaona tunachelewa. "Ni mutoto wa huyu papa," akanionyesha. "Tunaomba umwongezee dakika." Akakiweka kikapu juu ya kizingiti.

Kocha alinitambua hapo. Akainama, akaona kahawa, akaona kitenge. Akauliza polepole, "Wazazi wengine wanajua mmekuja?"

"Hawajui," mwalimu akasema. "Haya ni mambo ya watu wazima."

"Kijana anajua?"

"Hajui."

Alifumba macho kidogo, akachukua kikapu, akasema lazima aitaarifu kamati ya klabu, akafunga mlango. Tukarudi kituoni. Mchungaji alikuwa na furaha sana. "Papa, kitunga amekamata," akaniambia. "Ile ni alama muzuri."

Alikuwa amekichukua kama ushahidi.

Barua ya kamati ilikuja baada ya siku nne. Ilikuwa ya adabu. Haikutumia neno rushwa, ilisema zawadi isiyofaa. Kwa muda uliobaki wa msimu sikutakiwa kuonekana jukwaani siku ya mechi wala wakati wa mazoezi ya timu. Kahawa, korosho na kitenge vilirudishwa kwa posta. Mwajiri wangu alikuwa mwenye uwanja, klabu ni wapangaji tu, kwa hiyo kazi sikupoteza. Nilihamishiwa zamu za asubuhi, na wakati wa mazoezi nilitakiwa kukaa chumba cha mashine na mlango umefungwa.

Hiyo haikuwa adhabu. Adhabu iliingia jikoni jioni ileile, na begi lake begani.

"Dad, unajua wananiitaje sasa?"

Sikujua.

"Kikapu. Nikipita wanauliza, 'Kikapu, leo umebeba nini?' Wanauliza dakika moja ni kilo ngapi za kahawa."

"Nilitaka kukusaidia."

"Hukuniuliza kama nataka."

Nikafanya kosa la mwisho. Nikafungua daftari nimwonyeshe safu, aone kwamba nilikuwa na sababu. Hakulitazama. Alitoka akaenda kwa mama yake mdogo, Rayners Lane. Nguo aliziacha. Begi la hoki, ambalo ni kubwa kama yeye, alilibeba.

Alikaa huko. Mama yake alimtembelea na kurudi na habari fupi: amekula, amefanya mtihani, bado anakaa benchi. Mimi nilipiga simu, shemeji yangu akawa anasema yuko bafuni. Kijana alioga sana miezi ile. Hapo nilikuwa sijali tena dakika. Nilitaka kujua jambo moja: nina mtoto, au nimempoteza kwa mkono wangu.

Timu ilikuwa inafanya mazoezi alfajiri, mara mbili kwa wiki. Mimi nilikaa chumba cha mashine nasikiliza magongo yakigonga mbao. Wakishaondoka natoka kuisawazisha barafu kabla watoto wa shule hawajaingia. Kwa hiyo sikuuona mchezo tena. Nilichoona ni barafu iliyoachwa.

Barafu, ndugu zangu, inaandika. Anayezunguka kwa raha anaacha upinde mrefu. Anayesimama ghafla anaacha mkwaruzo mfupi, mpana, na unga mweupe pembeni yake kama unga wa muhogo. Nilikuwa nimeyafuta maandishi hayo kwa miaka bila kuyasoma.

Mwezi wa kwanza niliona katika pembe ya kushoto, karibu na goli, alama nyingi mahali pamoja. Nilishuka kwenye mashine. Ndani ya baadhi ya alama hizo kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Nikaujua. Kiatu cha kushoto cha mwanangu kilikuwa na pengo dogo kwenye chuma, karibu na kisigino, tangu siku aliyokanyaga ukingo wa zege huko nje. Nilikuwa nimepanga kukinoa wiki ileile tuliyokwenda kwa kocha. Sasa ilikuwa zaidi ya miezi miwili na hakuna aliyekinoa.

Fundi Mskoti akaniita kutoka mlangoni. "Unasubiri basi?"

"Nasoma."

"Basi soma haraka. Watoto wako nje."

Kila mazoezi nilitazama pembe ile. Mwanzoni zilikuwa pinde, yaani anafika na kuzunguka polepole kama mtu anayetembea sokoni. Kisha pinde zikawa fupi. Kufikia mwezi wa pili ilikuwa mikwaruzo ya kusimama ghafla na mistari iliyonyooka kutoka hapo kurudi upande wa goli lao wenyewe. Kurudi, kusimama, kurudi. Idadi sikuandika. Kwa mara ya kwanza nilitazama kitu cha mwanangu bila kalamu.

Asubuhi moja nilifungua mlango wa chumba cha mashine nikakuta viatu vyake chini, vimefungwa kamba pamoja. Hakuna karatasi wala mtu. Nikavinoa. Nilichukua muda mrefu kuliko nilivyowahi kuchukua kwa kiatu chochote, mpaka pengo lile likaisha. Nikavirudisha palepale. Nilipotoka tena havikuwepo.

Wiki iliyofuata vilikuwepo tena. Wiki ya tatu alikuwa amevishika mwenyewe.

"Shikamoo, baba," akasema.

Wazazi wenzangu, hamna haja ya kuelezwa. Ninyi mnajua mara ya mwisho mliisikia lini bila kuikumbusha.

"Marahaba."

"Cha kushoto kilikuwa kinavuta," akaendelea kwa Kiingereza. "Sasa kiko sawa."

Nilikuwa na maswali mengi, na yote yalikuwa na namba ndani yake. Nikayaacha. Nikauliza, "Ile pembe ya kushoto, huwa unafanya nini pale?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo kwa mara ya kwanza, na kweli ilikuwa mara ya kwanza. Akaeleza. Alikuwa anakwenda mbele vizuri kuliko wote, ndiyo maana alichaguliwa. Lakini tukipokonywa kile kisahani, yeye alikuwa anazunguka kwa mbali badala ya kusimama na kurudi kulinda. Kule utotoni alikuwa na kasi ya kutosha kufidia. Kwa wanaume hawa haikutosha. Kocha alikuwa amemwambia: siku utakapojua kurudi, nitakufungulia mlango. Na mwili pia bado, alisema, mtu wa miaka kumi na tisa akimgonga anaruka kama mfuko wa nailoni.

"Alikuambia lini?"

"Wiki ya kwanza."

"Mechi ya kwanza ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma. Alisema kama anavyosema habari ya hali ya hewa: "Hukuuliza, Dad. Ulikuwa unanisomea."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipogeuka. Sikulia, na hakuna sauti niliyoisikia kutoka mbinguni. Kulikuwa na mashine inayonguruma na kijana mwenye viatu mkononi. Nikaelewa kwamba watu wawili walikuwa wamejua ukweli tangu siku ya kwanza, kocha na mwanangu, na wote wawili walikuwa na subira. Mwenye daftari peke yake ndiye alikuwa hajui.

Nikamwomba msamaha, kwa Kiswahili, kwa maneno kamili: kwa kikapu, kwa namba, na kwa yale mabao niliyomfungia kanisani. Akacheka kwa hayo ya kanisani. "Mama mmoja aliniuliza lile la pili nilifungaje," akasema. "Ilibidi nitunge."

Alirudi nyumbani kabla ya Pasaka.

Nilimwandikia kocha barua ya mistari mitatu kumwomba radhi. Hakujibu kwa barua. Msimu mpya ulipoanza na marufuku yangu kwisha, nilimkuta kando ya uwanja, akanyoosha mkono. Miguuni pake kulikuwa na kikapu cha mke wa mwalimu, kimejaa visahani vyeusi vya mazoezi. Akaona ninakitazama. "Kamati walikisahau kwangu," akasema. "Ni kikapu imara sana." Akakimwaga, akanirudishia. Mwalimu alikuwa ameniuliza habari za kikapu hicho kila Jumapili kwa miezi kumi.

Wenzake bado wanamwita mwanangu Kikapu. Nilimkuta siku moja ameliandika jina hilo mwenyewe kwenye gongo lake, kwa wino mweusi.

Sasa shukrani. Nawashukuru wale wazee wawili, waliovaa suti zao kwa ajili yangu na kuaibika pamoja nami bila kunilaumu. Kosa lilikuwa langu, niliwapeleka mahali ambapo desturi yetu haikuwa na mlango. Namshukuru shemeji yangu wa Rayners Lane, aliyemlisha mtoto bila kumjaza maneno juu yangu. Mzee wa Kiskoti amestaafu, hayupo hapa, lakini alinipa asubuhi zile bila kuniuliza sababu. Mama watoto aliniambia mapema, nami nikamjibu kwa hekima ya kipimajoto. Namshukuru na nimeshamwomba radhi, ila leo naomba mwe mashahidi.

Na kama nina neno la kuwaachia, ni hili. Mtoto anapochaguliwa wa kwanza, au anapopata nafasi katika chuo kikubwa, au kazi ambayo hakuna aliyeitarajia, watu wamesema neno kuhusu kesho yake. Hawajasema kitu kuhusu leo. Mimi nilichukua neno la kesho nikalidai leo, kwa sekunde. Anayeanza polepole huenda anajua kwa nini, na huenda anafanya kazi pembeni ambayo hakuna anayeitazama. Mwulizeni. Mkimaliza kuuliza, nyamazeni mpaka ajibu, hata kama atajibu kwa Kiingereza.

Msimu ule wa pili nilikaa jukwaani mechi zote za nyumbani. Alikuwa anaingia, anakwenda mbele, tukipokonywa anasimama ghafla, unga mweupe unaruka, anarudi. Mkiniuliza alicheza dakika ngapi, sijui.

Mwenyekiti, na leo vilevile sijui nimetumia ngapi. Utaniambia. Naomba saa yangu.